Kuingiza mimea ndani kabla ya jalidi: kutoka bustanini hadi dirishani

Mimea mingi inayofia ndani ya nyumba wakati wa baridi huuawa na maji. Mmea uliokuwa ukimaliza lita nzima ya maji kwa siku mbili pale nje juani unaletwa sebuleni, mwanga unapungua mara kumi au zaidi, ukuaji unasimama, lakini mwenyewe anaendelea kumwagilia kwa ratiba ileile ya kiangazi. Baada ya wiki tatu majani yanageuka manjano. Anadhani mmea una kiu, anaongeza maji. Kwa hiyo kila hatua hapa chini inafuata kanuni moja: mwanga ukishuka, maji, mbolea na hata joto la chumba vishuke pamoja nao.

Mwongozo unawahusu wote wanaoishi penye majira manne, ambako majani hupukutika na baadaye jalidi, yaani baridi inayogandisha umande, huua kila kilicholaini bustanini. Kaskazini mwa dunia kazi hii huanguka kati ya Septemba na Novemba, kusini kati ya Machi na Mei. Nyuzi zote zilizotajwa ni za Selsiasi.

Lini hasa

Kipimajoto kinafaa kuliko kalenda. Mimea yenye asili ya misitu ya joto, kama monstera, filodendroni, anthuriamu, difenbakia, koleasi na begonia, iingie mara usiku unapoanza kushuka chini ya nyuzi 13. Mingi kati ya hiyo huumia ikikaa chini ya nyuzi 10 hata kama jalidi haijaanguka. Jani halionyeshi kitu asubuhi ile, lakini siku mbili tatu baadaye linatoka mabaka ya majimaji ambayo hugeuka meusi. Jeraniamu za vyunguni, michungwa, milimau na rosemari ni sugu zaidi na zinaweza kungoja hadi usiku wa nyuzi 5.

Weka kipimajoto chako mwenyewe kwenye kimo cha mimea. Vituo vya hali ya hewa hupima joto kwenye kimo cha kati ya mita 1.25 na 2 juu ya ardhi, na usiku wa anga tupu usio na upepo, hewa iliyo karibu na ardhi huwa na baridi zaidi kwa nyuzi kadhaa. Utabiri ukisema nyuzi 3, vyungu vilivyo chini vinaweza kuganda.

Kuna tarehe nyingine ambayo watu huisahau: siku hita zitakapowashwa. Jitahidi mimea iwe imekwisha kukaa ndani wiki mbili au tatu kabla ya hapo. Mmea unaopoteza mwanga leo na kukutana na hewa kavu mwezi ujao hustahimili. Ukipatwa na yote mawili kwa siku moja, unamwaga majani.

Kipi kiingie

Anza na madirisha. Hesabu madirisha yenye mwanga, pima upana wake, kisha ndipo uangalie mimea. Dirisha la upana wa mita moja hubeba vyungu vinne au vitano vya sentimita 15, basi. Vyungu ishirini vikigombea dirisha moja, vile vya nyuma vinakaa gizani hadi vinaoza.

Petunia, maharage na mimea mingine ya msimu mmoja imemaliza kazi yake. Ing'oe, iweke kwenye biwi la mboji. Mmea mgonjwa au ulioshambuliwa sana na wadudu usiingizwe hata kama ulikuwa wa bei. Chukua kipandikizi kisafi juu yake au uuache. Waridi, stroberi, vitunguu majani na vichaka vilivyozoea baridi vinahitaji kulala, na kuviingiza kwenye chumba chenye joto ni kuvidhuru. Viache nje, ila kumbuka kwamba mizizi iliyo chunguni hupata baridi kali zaidi kuliko iliyo ardhini, hivyo vikusanye pamoja penye ukuta, vifunge magunia, au chimbia vyungu ardhini hadi ukingoni.

Wanaostahili nafasi ndani ni mimea ya kudumu ya nchi za joto uliyokuwa umeipeleka nje kupunga hewa, michungwa na milimau ya vyunguni, pilipili unayoipenda, rosemari, na dungusi kakati. Mmea mkubwa usiopita mlangoni usiukokote. Vipandikizi vitatu vya sentimita 10 vitakupa mmea bora zaidi mwakani.

Kuzoesha kivuli

Jani lililokulia juani ni nene na limejengwa kwa mwanga mwingi. Likipelekwa ghafla kwenye mwanga hafifu, gharama ya kulitunza inazidi chakula linachotengeneza, na mmea unalitupa. Fikasi benjamina na haibiskasi ndizo hodari wa kumwaga majani namna hii. Wiki moja hadi mbili kabla ya kuingiza, hamishia vyungu kwenye kivuli chepesi chini ya mti au upande wa nyumba usio na jua la mchana, kisha siku 3 au 4 za mwisho kwenye kivuli kizito zaidi, kama barazani. Katika muda huo punguza maji kidogo na usitie mbolea. Majani machache yatadondoka hata hivyo, na hilo halina ubaya maadamu vichipukizi vya nchani ni vizima.

Kuosha na kuondoa wadudu

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoleta majuto mwezi wa pili. Nje kuna mvua ya kuwaosha wadudu na wadudu wengine wa kuwala. Ndani hakuna mvua wala adui. Utitiri mwekundu, kwenye joto la karibu nyuzi 27 na hewa kavu, hutoka kwenye yai hadi utu uzima kwa muda wa wiki moja hivi, kwa hiyo watano ulioshindwa kuwaona huwa mamia kabla ya mwezi kuisha.

1. Chagua siku isiyo na upepo. Ondoa majani makavu, maua yaliyonyauka na takataka zote juu ya udongo. Ukungu wa kijivu huanzia kwenye mabaki hayo.

2. Kagua kwa kioo cha kukuzia: upande wa chini wa majani, pembe ambapo jani linaungana na shina, ukingo wa chungu, na matundu ya chini. Vidukari hukaa kwenye ncha laini. Inzi weupe huruka ukitikisa tawi. Vidung'ata huonekana mithili ya vipande vya pamba. Wadudu gamba ni vinundu vya kahawia vinavyobanduka kwa ukucha. Ukikuta majani yananata, tafuta juu yake, kwa sababu utomvu huo hudondoka kutoka kwa wadudu walio kwenye majani ya juu. Kwa utitiri, kinga karatasi nyeupe chini ya jani, ligonge mara mbili tatu, kisha tazama: vumbi linalotembea si vumbi.

3. Funika udongo kwa mfuko wa plastiki uliofungwa kwenye shina, laza chungu ubavu, na uoshe majani kwa mpira wa maji, hasa upande wa chini. Nguvu ya maji iwe ya kuwang'oa wadudu bila kuchana majani.

4. Ondoa mfuko, tumbukiza chungu kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu hadi maji yafike ukingoni, uache dakika 15. Sisimizi, koa, jongoo na minyoo watapanda juu. Acha chungu kichuruzike siku nzima. Dungusi na mimea mingine yenye majani mazito ya kuhifadhi maji isiloweshwe hivi majira haya. Itoe chunguni uangalie mizizi tu.

5. Changanya mililita 10 za sabuni ya maji ya kawaida, isiyo na manukato wala dawa ya kung'arisha, kwa lita 1 ya maji. Jaribu kwenye jani moja, ngoja saa 24. Likibaki salama, nyunyizia mmea wote hadi udondoke, jioni au kivulini. Sabuni huua mdudu inayemgusa ikiwa mbichi, na ikishakauka haina nguvu tena. Kangaga na mimea yenye unga wa nta kwenye majani huungua kwa sabuni, hivyo hiyo uifute kwa kitambaa chenye maji matupu.

6. Rudia kila baada ya siku 5 hadi 7, mara tatu. Sabuni haiui mayai, na mzunguko huo ndio unaowanasa wanaoanguliwa. Ukifanya mara moja ukaridhika, umepunguza idadi tu.

7. Vidung'ata waguse mmoja mmoja kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa spirti ya asilimia 70. Nta yao hukataa maji ya sabuni.

8. Tenga mimea iliyotoka nje kwenye chumba chake kwa wiki tatu, mbali na ile iliyobaki ndani kiangazi chote.

Usisahau chungu chenyewe. Sugua nje na chini kwa brashi, kwa kuwa mayai ya koa na vidung'ata hujificha kwenye kitako na chini ya ukingo.

Mahali: mwanga kwanza

Jicho la binadamu hudanganya. Linajirekebisha, na sebule inaonekana ina mwanga wa kutosha, ilhali kwa mmea ni usiku wa mapema. Jua kali la mchana wa kiangazi hufikia karibu laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha mwanga). Ndani, karibu kabisa na dirisha siku ya mawingu, unaweza kupata elfu moja au mbili, na ukirudi nyuma mita mbili, mia chache. Ongeza hapo urefu wa mchana: kwenye latitudo 50, siku fupi kuliko zote ina saa 8 tu za mchana, wakati kwenye ikweta saa ni 12 mwaka mzima. Mmea wa asili ya ikweta haujawahi kukutana na jambo hilo.

Kipimo rahisi: saa sita mchana, nyosha mkono sentimita 30 juu ya jani. Kivuli chenye kingo zilizokatika vizuri ni mwanga mkali, chenye kingo za ukungu ni wa wastani, na kisichoonekana vizuri ni hafifu. Mahali pa kivuli hafifu ni pa mimea michache tu.

Kaskazini mwa dunia dirisha linalotazama kusini ndilo lenye mwanga mwingi wakati wa baridi. Kusini mwa dunia ni lile linalotazama kaskazini. Hapo weka dungusi, michungwa, rosemari, jeraniamu na haibiskasi. Madirisha ya mashariki na magharibi yanafaa monstera, filodendroni, begonia na urujuani wa Afrika. Huyu wa mwisho asili yake ni misitu ya milima ya Tanzania na Kenya, hasa Usambara, ambako huota kwenye miamba chini ya kivuli, kwenye joto lisilobadilika sana. Ndiyo maana hupenda nyuzi 18 hadi 24 na huungua kwa jua la moja kwa moja. Dirisha lenye giza liachie sansevieria, pothosi na zamiokulkasi. Hawa wanavumilia, hawafurahii, nao wakiwa gizani hunywa maji machache mno.

Osha vioo vya dirisha ndani na nje. Futa vumbi kwenye majani makubwa kwa kitambaa kibichi kila mwezi. Sogeza vyungu viwe ndani ya sentimita 60 kutoka kwenye kioo, ila majani yasiguse kioo chenyewe usiku, na usiviache nyuma ya pazia zito lililofungwa, kwani hapo katikati baridi hushuka sana. Zungusha chungu robo mzunguko kila wiki. Mmea uliokwisha toa vitumba vya maua, kama dungusi wa Krismasi, usiuzungushe wala kuuhamisha, utamwaga vitumba.

Kama madirisha hayatoshi, taa ya LED nyeupe ya kati ya kelvini 4000 na 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga, huandikwa kwenye boksi) inatosha kabisa. Taa za rangi ya zambarau zinakuza mimea, lakini huwezi kuona ugonjwa wa jani chini yake, na chumba kinachosha macho. Itundike sentimita 15 hadi 30 juu ya majani, iwake saa 12 hadi 14 kwa siku, na uifunge kwenye swichi ya saa. Usiiwashe usiku kucha, mimea inahitaji angalau saa 8 za giza. Shina likirefuka na majani kuachana mbali, taa iko juu mno. Majani yakipauka juu na kujikunja, iko karibu mno.

Maji

Futa ratiba. Hakuna "kila Jumapili". Kuna kupima chungu, na mmea ndio unaoamua.

Njia ya kwanza ni kidole: kiingize hadi pingili ya pili, sentimita 4 au 5 hivi. Penye unyevu, ondoka. Kwa chungu kirefu tumia kijiti cha mbao kikavu, kidumbukize hadi chini, subiri dakika 10, uchomoe. Kikitoka na rangi iliyokolea na chembe za udongo zimeshika, chini bado kuna maji ingawa juu pamekauka. Njia ya pili, ambayo ukishaizoea hutaki nyingine, ni uzito. Nyanyua chungu mara baada ya kumwagilia, ukinyanyue tena baada ya wiki, mkono utajifunza tofauti.

Wakati wa kumwagilia ukifika, mwagilia hasa. Mimina polepole hadi maji yatoke matunduni, ngoja dakika 30, kisha mwaga yaliyokusanyika kwenye sahani. Vijiko viwili vya maji kila siku ni kosa kubwa kuliko yanavyoonekana, kwa sababu tabaka la juu linabaki chepechepe muda wote huku mizizi ya chini ikikauka. Maji yawe ya joto la chumba. Maji baridi yakidondokea majani ya urujuani wa Afrika huacha alama za mviringo zisizofutika.

Kwa makadirio tu, kwenye chumba cha nyuzi 18 hadi 20: monstera na filodendroni siku 10 hadi 14, sansevieria wiki 3 hadi 6, zamiokulkasi mwezi au zaidi. Zamiokulkasi huhifadhi maji kwenye mashina yake manene yaliyo chini ya udongo, kwa kuwa huko kwake Afrika Mashariki hupitia kiangazi kirefu. Ukiimwagilia kila wiki unayaozesha. Dungusi wa jangwani, akikaa penye mwanga na nyuzi 8 hadi 12, anaweza kuachwa mkavu karibu majira yote ya baridi, na ukavu huo pamoja na ubaridi ndio unaomfanya atoe maua. Kangaga ni kinyume: udongo wake usikauke kabisa.

Chunguza vyungu vya mapambo visivyo na tundu. Chungu chenye mmea kinaingia ndani yake vizuri, maji yanakusanyika chini pasipoonekana, na mizizi inasimama kwenye maji majuma kwa majuma. Kuweka kokoto chini ya udongo hakusaidii. Maji hayashuki kwa hiari kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto, yanakwama pale juu yake, na sehemu iliyolowa inapanda karibu zaidi na mizizi. Dawa ni tundu na udongo mwepesi.

Mmea ukilegea huku udongo una maji, usimwagilie. Utoe chunguni. Mizizi mizima ni meupe au kahawia isiyokolea, na ni migumu. Iliyooza ni laini, na ukiivuta ganda la nje linachomoka likaacha kiuzi, nayo hutoa harufu mbaya. Kata yote iliyooza kwa mkasi uliofutwa spirti, punguza majani kwa kiasi hichohicho, pandikiza kwenye chungu kidogo zaidi chenye udongo mpya wenye unyevu mdogo tu, weka penye mwanga wa wastani, ngoja wiki nzima kabla ya kumwagilia. Kama mizizi yote imeoza, usihangaike nayo, kata kipandikizi juu.

Vimbu vidogo vyeusi vinavyoruka ukigusa chungu vinakuambia jambo hilohilo. Viluwiluwi vyake huishi kwenye sentimita 3 za juu za udongo wenye unyevu. Acha tabaka hilo likauke kati ya kumwagilia, tundika kadi za manjano zenye gundi kuwanasa wakubwa, na uwe na subira ya wiki nne, kwani kizazi kimoja huchukua kati ya wiki tatu na nne.

Joto na hewa kavu

Hewa baridi ya nje ina mvuke mdogo. Ikiingia ndani na kupashwa joto bila kuongezewa maji, unyevuanga hushuka hadi asilimia 30 au chini, wakati mimea ya misitu ya joto hutaka 50 na zaidi. Ncha za majani hukauka, vitumba hudondoka, utitiri hushangilia. Kunyunyizia maji kwa chupa ni kazi ya kujifurahisha, kwa sababu athari yake huisha kwa dakika chache. Sahani ya kokoto na maji huongeza kidogo sana. Kinachosaidia ni mashine ya kuongeza unyevu, kukusanya vyungu karibu karibu, au bafu lenye dirisha. Vilevile kupunguza joto la chumba: hewa ya nyuzi 18 ni nyevu kuliko ileile ikipashwa hadi 24.

Mmea usikae juu ya hita wala kwenye njia ya upepo wa mlango wa nje. Mchungwa na mlimau hupenda chumba baridi chenye mwanga mwingi, nyuzi 7 hadi 13. Ikiwa dirishani penye jua huku chungu kikiwa kwenye sakafu ya baridi, majani yanafanya kazi wakati mizizi imelala, na mti unamwaga majani mabichi kabisa. Nyanyua chungu kwa vipande vya mbao. Rosemari nayo hufa kwenye sebule ya joto na kustawi kwenye baraza la vioo la nyuzi 5 hadi 15.

Mbolea acha kabisa hadi mchana uanze kurefuka, isipokuwa kwa mimea iliyo chini ya taa na inayokua, nayo ipewe nusu ya kipimo. Chumvi za mbolea isiyotumika huonekana kama ukoko mweupe ukingoni mwa chungu, na ndizo zinazochoma ncha za majani. Kubadilisha chungu pia ngoja. Mmea uliokuwa umepandwa ardhini, ambao lazima uingie chunguni, utumie mchanganyiko wa vyunguni wenye mboji, usumba na perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za mawe). Udongo wa bustani hujikandamiza chunguni, maji hayapiti, na una wadudu.

Vipandikizi

Koleasi, begonia na jeraniamu kata wiki kadhaa kabla ya jalidi, kwenye ncha zisizo na maua, urefu sentimita 8 hadi 10, chini kidogo ya kifundo. Toa majani ya nusu ya chini. Koleasi na begonia hutoa mizizi ndani ya glasi ya maji kwa wiki 2 au 3. Yahamishie kwenye udongo mizizi ikifika sentimita 3, kwani ikirefuka zaidi hukatika. Jeraniamu ni tofauti: acha kidonda kikauke saa kadhaa au usiku mmoja, choma kwenye udongo mwepesi wenye mchanga, mwagilia mara moja, usifunike kwa plastiki. Ukiifunika, shina linageuka jeusi kutoka chini na kuanguka.

Mrehani wa zamani uliokwisha toa mbegu hauna maana kuuingiza, uchukulie vipandikizi. Pilipili punguza hadi vigogo vya sentimita 15, osha mizizi, panda kwenye udongo mpya, weka nyuzi 10 hadi 13, na ukague vidukari kila wiki maana wanaipenda kuliko chochote kingine ndani ya nyumba.

Vinavyolala ghalani

Dalia acha jalidi ya kwanza iyafanye majani kuwa meusi. Kata mashina yabaki sentimita 10 hadi 15, ngoja siku chache, kisha chimba kwa uma ukianzia sentimita 30 kutoka kwenye shina, maana viazi hupanuka na shingo zake hukatika upesi, na kiazi kisicho na shingo yenye jicho hakichipui. Osha, laza kichwa chini siku moja au mbili maji yatoke kwenye mashina matupu, andika jina, funika kwa maranda yenye unyevu kidogo sana, weka gizani kwenye nyuzi 4 hadi 10. Ua la kana hutunzwa vivyo hivyo. Kagua kila mwezi: kilichosinyaa kipulizie maji kidogo, kilicholainika kitupe kabla hakijaambukiza jirani.

Maua ya kuchanua ndani

Tunguu la amarilisi likishapumzika kavu kwa wiki 8 hadi 10 kwenye nyuzi 10 hadi 13, lipande chungu kinacholizidi sentimita 3 tu kila upande, theluthi moja yake ikibaki juu ya udongo, umwagilie kidogo hadi ncha ijitokeze. Maua huja baada ya wiki 6 hadi 8. Hayasinti huhitaji wiki 10 hadi 13 za baridi ya nyuzi 4 hadi 9 kwenye giza kabla ya kuletwa dirishani. Ukitumia friji, usiweke pamoja na tofaa au ndizi, gesi ya ethilini inayotoka kwenye matunda huua ua likiwa bado ndani ya tunguu. Vaa glavu, maganda ya hayasinti huwasha ngozi.

Penye watoto na wanyama wa nyumbani, kumbuka difenbakia, filodendroni na monstera zina chembe za oksaleti zenye ncha za sindano zinazochoma kinywa na koo, na yungiyungi halisi (lili, si la majini) humwua paka hata akilamba chavua yake tu. Mimea hiyo iwekwe juu au isiingie kabisa.

Kurudi nje

Mchana ukirefuka na ukaona kichipukizi kipya, anza kuongeza maji, kisha mbolea kwa robo ya kipimo, kisha kubadilisha chungu kwa kinachozidi cha zamani kwa sentimita 2 hadi 5. Usiku ukishatulia juu ya nyuzi 10, toa vyungu nje kivulini kwa saa mbili siku ya kwanza, uongeze kidogo kidogo kwa siku 10. Majani yaliyoota nyuma ya kioo ni mepesi na hayajazoea miale ya urujuanimno, ambayo kioo huizuia kwa sehemu kubwa. Jua la mchana mmoja linatosha kuyaacha na mabaka meupe ambayo hayarudi kijani tena.